MIFUPA YA YUSUFU NA KABURI LA BOGA

Masomo: Mwanzo 50:24-26, Matendo 11:19-26, Waebrania 11:22 na 13:12-14



   Tunawakumbuka walio wagonjwa, na wale ambao mahindi yao yalikaukia shambani msimu huu.

Leo tunapenda kusema juu ya jambo ambalo kila nyumba hapa Kyangwali inalijua lakini mara chache linahubiriwa. Ni juu ya mahali tunapowazika watu wetu.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi ya wavuvi kuanzia Desemba 2017 na miezi ya mwanzo ya 2018. Wengine walitangulia, wakati wa vita vya 1999 hadi 2003. Tulipovuka tulidhani ni kwa miezi michache. Kisha mtu wa kwanza akafariki huku, na familia ikauliza: tumzike wapi? Tangu siku hiyo swali hilo halijakoma. Tukikaa matangani, baada ya nyimbo na sala, utamsikia mzee mmoja akisema kwa sauti ya chini, "Tumemwacha ugenini." Wako pia akina mama ambao hawataki kupanda hata ua moja juu ya kaburi la mtoto, kwa sababu kupanda ua ni kama kukubali kwamba tutakaa.

Hatulitaji jambo hili ili kuwaongezea machozi. Tunalitaja kwa sababu Neno la Mungu linalijua, na lina la kutuambia.

1. Agizo la Yusufu

Yusufu alifika Misri kwa kuuzwa na ndugu zake mwenyewe. Alikaa huko tangu ujana hadi uzee. Alipata cheo huko, akaoa huko, akazaa huko, akafa akiwa na umri wa miaka 110. Kama kuna mgeni aliyefanikiwa ugenini, ni yeye. Lakini alipokaribia kufa hakuzungumza habari za cheo wala za mali. Aliwaapisha wana wa Israeli kwamba Mungu atakapowajia na kuwatoa katika nchi ile, waichukue mifupa yake waende nayo.

Mwandishi wa Waebrania anapowahesabu mashujaa wa imani anayaruka mambo makubwa ya Yusufu. Hataji ndoto, hataji gereza, hataji ile njaa ya miaka saba. Anachagua agizo hilo la mifupa, na kusema kwamba hilo ndilo lililokuwa tendo lake la imani.

Agizo hilo lilitimizwa. Usiku ule Waisraeli walipotoka, Musa aliichukua mifupa ya Yusufu (Kutoka 13:19). Ilisafiri nao jangwani, na mwisho ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Fikirini, wapendwa: taifa zima linahama, watoto mgongoni na vyombo kichwani, na katikati yao wamebeba mabaki ya babu yao. Bila shaka mtoto aliyezaliwa jangwani aliuliza, "Hii ni nini tunayobeba?" Na mzazi alipomjibu, alikuwa anamfundisha ahadi ya Mungu.

Basi mtu asiwaambie kwamba kutamani nyumbani ni upungufu wa imani. Mzee anayewatajia wajukuu jina la kilima chake na mto wake anafanya kazi ya Yusufu. Msimnyamazishe. Waacheni watoto wasikie.

2. Safari ya kwenda Boga

Lakini tunajua agizo jingine juu ya maziko. Hili haliko katika Biblia, ila lilitolewa na mtumishi wa Mungu katika nchi yetu, karibu tu na vijiji vyetu, nalo linaelekea upande mwingine kabisa.

Miaka kadhaa kabla ya kukimbia, tulipokuwa wanafunzi wa chuo cha Biblia, tulifunga safari kwenda Boga. Tulikuwa vijana wa madhehebu mbalimbali, na wengi wetu hatukuwa Waanglikana. Mwalimu wetu wa historia ya Kanisa alituambia kwamba haifai kujua habari za Luther na Wesley na kutojua habari za mtu aliyelala siku moja tu ya mwendo kutoka kwetu. Katika vitabu vya zamani mahali pale paliandikwa Mboga, nasi njiani tulitaniana kwamba tunakwenda kula mboga.

Wale waliotoka upande wa Irumu wanapajua. Boga iko juu, mahali pa majani na ng'ombe. Ukitazama mashariki unaliona bonde la Semliki limelala chini, na siku ya hewa safi unaiona milima ya Ruwenzori. Ukigeuka magharibi ni msitu, na baada ya msitu ni msitu tena. Mtu aliyezoea makanisa makubwa ya mjini hatapata cha kushangaa. Ni kanisa la kijijini. Unaingia, unaona mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa, unaisikia harufu ya vumbi na majani makavu, na nje kuna kuku wanaotembea. Tulikaa, tukaimba wimbo mmoja, tukaomba.

Kisha mzee mmoja wa kanisa akatupeleka kaburini. Hakutuhubiria. Alisimama kando ya kaburi, akanyosha mkono wake kuelekea msituni, akaushikilia hivyo kwa muda mrefu mpaka kila mmoja wetu akageuka kutazama. Kisha akatueleza kwa nini.

3. Mtu aliyelala pale

Aliyelala pale ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikulia katika nyakati za vita vya dini, naye mwenyewe aliwahi kuwa askari. Jina Kivebulaya ni la utani, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya mavazi ya kigeni aliyopenda kuvaa. Alibatizwa Januari 1895 na kuitwa Apolo. Hakukaa hata miaka miwili baada ya ubatizo; mwaka 1896 alikuwa amekwisha kuvuka Toro na kufika Mboga.

Angalieni alivyoingia. Walimu walikuwa wametangulia kabla yake, wakaondoka kwa sababu chifu wa mahali pale, Tabaro, hakutaka kuwalisha. Apolo aliingia mahali ambapo wenzake walishindwa. Hakuwa mtu wa kabila la pale. Lugha haikuwa yake. Hakuwa na askari nyuma yake. Alikuwa mgeni kama sisi tulivyo wageni hapa.

Ndipo likatokea jambo baya. Dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umelazwa kwenye nyasi, karibu na mahali Apolo alipokuwa akijenga. Akafa. Watu wakasema mgeni ameua. Wapendwa, tunajua sisi jinsi neno kama hilo linavyokimbia kijijini. Mgeni akiwa karibu na kifo, hakuna anayengoja kuuliza. Apolo alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro kama muuaji. Katika dhiki hiyo, kama alivyoshuhudia mwenyewe baadaye, alimwona Kristo, aliyemtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye.

Alipoachiliwa, kila mtu mwenye akili angemshauri arudi kwao Buganda. Alikuwa na haki ya kurudi. Yeye akarudi Mboga, kwa watu wale wale waliomfunga. Na Tabaro, yule chifu aliyekuwa adui yake, akamwamini Kristo na kubatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka kadhaa alitumika Toro. Mipaka ya wakoloni ilipopangwa upya katika miaka ya 1910, Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, na wale waliokuwa wamesali pamoja wakajikuta katika nchi mbili. Apolo aliuvuka mpaka huo, akarudi kuishi na waumini wake mpaka mwisho. Kuanzia mwaka 1921, akiwa na umri unaokaribia miaka 60, alianza kuingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao wote. Alikaa nao, akajifunza lugha yao, akajitahidi kuitia Injili ya Marko katika lugha hiyo. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933.

4. Agizo la Apolo

Kabla ya kufa alitoa agizo juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Kwa Apolo, mashariki palikuwa pia upande wa kwao, upande wa Buganda alikozaliwa. Yeye akaagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa sababu Injili ilikuwa bado haijafika huko. Hata akiwa amekufa, alitaka aonyeshe njia ya kwenda kwa wale ambao hawajasikia.

Hilo ndilo alilotuonyesha yule mzee kwa mkono wake.

Wakati ule, tukiwa vijana, tuliliona kuwa agizo zuri la mmisionari, tukaandika katika madaftari yetu tukaenda kula. Leo, tukiwa wakimbizi, tunalisoma kwa macho mengine. Maana msitu ule ule ambao Apolo aliuelekezea kichwa chake, katika miaka yetu umekuwa maficho ya watu wenye silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021 Boga yenyewe ilishambuliwa pamoja na Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwemo watu waliokuwa wamekimbilia pale kutoka vijiji vingine. Tarehe 30 Mei ni siku ambayo Waanglikana wanamkumbuka Apolo. Jioni watu walilala wakiwa na siku ya mtumishi wao, na asubuhi wakaamka kuhesabu maiti. Wako kati yetu hapa waliopoteza watu siku ile. Tunawapa pole tena.

Basi tunauliza kwa unyofu, na Mungu haogopi maswali: kama ingewezekana, je, tungemgeuza Apolo kaburini mwake? Tungemwambia, "Baba, umekosea upande, huko unakoelekea ndiko kifo kinakotokea"? Kuna siku ambazo moyo wetu unasema ndiyo.

Lakini yeye hakuuelekea msitu kwa sababu hakujua hatari. Alikuwa amepigwa Mboga. Alikuwa amefungwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Alijua vizuri mtu anaweza kufanywa nini na majirani. Alielekea huko akijua.

5. Maagizo mawili, imani moja

Sasa tuyaweke maagizo haya mawili pamoja. Yusufu alisema: nirudisheni nyumbani. Apolo alisema: nielekezeni mbele. Mmoja alifia ugenini akataka mifupa yake irudi. Mwingine alifia ugenini akataka kichwa chake kisirudi. Je, ni nani aliyekuwa na imani?

Wote wawili. Yusufu aliogopa kwamba watoto wake watashiba Misri na kuisahau ahadi. Apolo aliogopa kwamba Wakristo wa Mboga watashiba neema na kumsahau jirani. Mkimbizi Mkristo anayahitaji maagizo yote mawili. Akiwa na la Yusufu peke yake, ataishi huku kama mtu anayengoja basi kituoni: hajengi urafiki, hapandi mti, hajui jina la anayekaa kando yake, maana anasema tutaondoka. Akiwa na la Apolo peke yake, atawalea watoto wasiojua walikotoka, na siku mlango wa kurudi utakapofunguka hawatajua kuna nyumba.

Waebrania sura ya 13 inayafunga mawili haya kwa pamoja. Inatukumbusha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango, inatuita tumwendee nje ya kambi tukibeba aibu yake, na papo hapo inasema kwamba hapa hatuna mji wa kudumu, tunautafuta ule ujao. Sisi ambao tumeitwa watu wa kambi kwa miaka mingi tunashtuka tukilisikia neno hilo. Lakini mwandishi hasemi juu ya kambi ya mahema. Anasema juu ya mahali pa usalama, pa watu wa kwetu, pa kujuana, ambapo Mkristo anaweza kujificha. Yesu hayuko ndani humo akitungoja. Ametangulia kutoka.

6. Waliotawanyika

Tazameni Matendo 11. Baada ya Stefano kuuawa, waumini walikimbia. Walifika Foinike, Kipro na Antiokia. Walikuwa wakimbizi halisi, si watalii. Luka anaandika kwamba walihubiri, lakini kwa Wayahudi peke yao. Walifika nchi ngeni wakatafuta watu wa lugha yao, wakasali nao, basi. Hatuwalaumu. Mtu aliyejeruhiwa hutafuta anayemjua mama yake.

Lakini wachache kati yao, watu wa Kipro na Kirene, walipofika Antiokia walisema na Wayunani pia. Luka anasema mkono wa Bwana ulikuwa pamoja nao, na wengi wakaamini. Na ni katika mji huo, katika kanisa hilo lililoanzishwa na wakimbizi waliothubutu kuvuka njia, ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Jina hili tunalojiita, tukaliandika kwenye mabango ya makanisa yetu, lilizaliwa siku wakimbizi walipoacha kusema na watu wa kwao peke yao.

Kanisa la Boga nalo lina historia kama hiyo. Kwa miaka mingi baada ya Apolo lilibaki kanisa la pembezoni. Lilienea sana kwa miguu ya watu waliohama: waliokwenda kutafuta kazi, waliokwenda mjini, waliokimbia vita, wakaomba mahali walipofika pawe na ibada. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, wakapata jimbo lao lenye askofu mkuu. Yote hayo yalitokea katika kijiji kidogo ambapo mtu mmoja alifungwa kwa kifo cha bahati mbaya.

7. Neno kwetu sisi

Wapendwa, tuseme wazi, maana sisi ni jamaa.

Tuliovuka ziwa hatukuwa wa kundi moja. Vita vya Ituri vilitugawa, na tulivuka na mgawanyiko huo ndani ya mabegi yetu. Huku viwanja viligawiwa bila kuulizwa nani alitoka kilima gani. Kwa hiyo leo mama mmoja anapanga madumu yake kwenye bomba, na mbele yake kwenye foleni amesimama mama wa upande ule mwingine. Mashamba yao yanapakana. Watoto wao wanakaa benchi moja shuleni na kuazimana kalamu. Jumapili ikifika kila mmoja anakwenda kusali na watu wa kwao, kwa lugha ya kwao, chini ya turubai la kwao. Kuabudu kwa lugha ya mama ni zawadi ya Mungu, hatuikatazi. Lakini kanisa likigeuka kuwa mahali pa kujihifadhi na jirani, limeelekea upande usio wake.

Na wako wenyeji wa Bunyoro waliotupokea, ambao mashamba yao yako ng'ambo ya barabara. Tunakutana nao sokoni na kwenye boda. Tunakutana nao wapi kama watu wa Mungu?

Hatusemi kwamba msamaha ni jambo la siku moja. Aliyeona nyumba yake ikiteketea na watu wake ndani, asiambiwe na mtu yeyote kwamba asahau. Wala hatusemi haki isitafutwe. Mungu wetu ni Mungu wa haki, na damu ya Habili bado inalia. Tunasema juu ya uelekeo. Kichwa chako kinaelekea wapi? Apolo hakufika mwisho wa msitu, alifia ukingoni. Lakini alikuwa ameuelekea. Kuna mtu ambaye bado hawezi kumpa mkono yule jirani, lakini anaweza kuacha kugeuza uso anapopita. Huo ni mwanzo wa kuelekea. Kuna mwingine anaweza kumpelekea mgonjwa uji. Tabaro hakubatizwa siku ile Apolo aliporudi. Ilichukua muda. Lakini kama Apolo asingerudi, hakungekuwa na Paulo Tabaro.

8. Mwaliko wa tarehe 30 Mei

Tunarudi kwenye makaburi, maana ndiko tulikoanzia. Hapa makazini makaburi yetu yako mahali pamoja. Waliouana watu wao huko ng'ambo wamelazwa bega kwa bega, na nyasi zinazowafunika ni zile zile. Wafu wetu wametangulia kufanya ambalo sisi tulio hai bado linatuwia zito.

Wachungaji wa makanisa yetu wamekubaliana kwamba tarehe 30 Mei mwaka huu, saa mbili asubuhi, tutakutana makaburini kufanya usafi na kuomba. Kila mtu aje na jembe au panga. Utaratibu ni mmoja tu: utapalilia kwanza kaburi la jamaa yako, kisha utapalilia kaburi moja la mtu asiye wa kwenu. Hakuna hotuba ndefu. Hakuna atakayelazimishwa kushika mkono wa mtu. Unapalilia tu, unasimama, unasema Amina, unaenda.

Tunajua wapo watakaosema hawawezi. Hatutahesabu majina ya wasiofika. Ila tunawaomba mfikirie hili: siku Mungu atakapofungua njia, wengine wetu watarudi ng'ambo na kaburi la mpendwa wao litabaki hapa. Ni nani atakayeling'olea majani? Ni jirani aliyebaki. Huenda ni yule yule. Yusufu aliweza kuagiza juu ya mifupa yake kwa sababu alikuwa na watu wa kuapa. Sisi nasi tunahitaji watu wa kutuapia hivyo, na baadhi yao hatujawasalimu bado.

Na ninyi akina mama mliosita kupanda ua: pandeni. Si alama kwamba tumeisahau nchi yetu. Mungu aliyejua mahali mifupa ya Yusufu ilipo anajua na mahali mtoto wako alipolala, na siku ya parapanda hataulizwa kitambulisho wala kadi ya mgao. Atafufuka mahali pale, kutoka udongo huu uliotupokea.

Tuombe

Bwana Yesu, uliyezikwa katika kaburi la kuazima, wewe unajua maana ya kulala mahali pasipo pako. Tunakukabidhi wote tuliowazika ng'ambo na wote tuliowazika hapa. Waliouawa Boga na Tchabi na katika vijiji vyetu vyote, uwakumbuke. Utupe imani ya Yusufu, tusiisahau ahadi. Utupe imani ya Apolo, tusimsahau jirani. Utufungulie njia ya nyumbani kwa wakati wako, na kabla ya wakati huo utugeuze nyuso zetu. Amina.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni mambo gani ya kwetu tunayopaswa kuwaambia watoto waliozaliwa hapa, ili wabebe ahadi kama Israeli walivyobeba mifupa ya Yusufu?

2. Kwa nini Apolo alirudi kwa watu waliomfunga? Tungekuwa jamaa zake, tungemshauri nini?

3. Katika bloku yetu, ni nyumba ipi ambayo hatujawahi kuingia? Nani ataitembelea kabla ya tarehe 30 Mei?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote.